Mpishi Aliyejipunguzia Sahani

Wapendwa, leo naomba tupitie jikoni kwanza, halafu ndipo twende kwenye Neno. Kaeni vizuri. Akina mama mlio nyuma na watoto, nafasi zipo huku mbele.

Kulikuwa na mama mmoja huko milimani Upare, mpishi wa shughuli, jina lake Apaikunda. Ukiwa na harusi, unamwita Apaikunda. Ukiwa na msiba, humwiti, anakuja mwenyewe na mwiko wake. Alikuwa mama mnene, mnene wa kweli, mwenye kicheko unachokisikia ukiwa bado barabarani. Na sisi mnajua tunavyompenda mpishi mnene. Tunasema huyu hapiki vibaya, mtazameni mwenyewe. Akisimama penye sufuria la pilau, wageni wanatulia, wanajua leo watakula.

Lakini jioni, shughuli ikiisha, Apaikunda alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mumewe alikuwa amefariki. Watoto walishaoa na kuolewa, huyu Arusha, yule Dodoma. Basi mama anawasha jiko, anapika, na anapika kwa sufuria lilelile alilopikia enzi nyumba imejaa. Chakula kikiiva, anapakua, anakula. Anaongeza, anakula. Redio inazungumza, yeye anakula, mpaka sufuria linabaki jeupe. Si kwamba alikuwa na njaa. Wangapi hapa mnanielewa ninaposema si kwamba alikuwa na njaa?

Sasa mama huyu alikuwa na mdogo wake wa kiume, Elirehema, fundi seremala. Mama yao alifariki Elirehema akiwa bado ananyonya, kwa hiyo ni Apaikunda aliyembeba mgongoni akienda kuteka maji, akienda shambani, hata akienda kucheza na wenzake. Elirehema alipooa, aliyemsindikiza kwa wakwe ni dada yake. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, aliyepika uji wa mzazi ni dada yake.

Elirehema akaugua. Ilianza miguu kuvimba. Halafu uso, kila asubuhi anaamka umejaa. Halafu akawa anashika randa, anapiga mara mbili anakaa chini. Wakampeleka hospitali kubwa mjini, wakapima, wakaambiwa figo zote mbili zimeacha kazi. Tangu hapo kila wiki akawa anateremka mlima kwenda kusafishwa damu kwa mashine, na akirudi amechoka kama mtu aliyelima shamba zima peke yake.

Na vyakula, wapendwa. Maharage, akaambiwa apunguze kabisa. Ndizi, aache. Parachichi, aache. Chumvi, asiguse. Maji yenyewe, anapimiwa. Hebu fikirini Mpare aliyekatazwa makande, mahindi yetu kwa maharage. Nacheka, lakini mwenyewe hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache na tabasamu tele, akageuka kuwa mtu mkali. Ukimuuliza ameamkaje, anakuuliza kwani wewe ni daktari.

Madaktari wakasema, upo uwezekano wa ndugu kumpa figo moja. Mtu anaweza kuishi vizuri na figo moja. Basi ndugu wakaanza kwenda kupima. Mmoja akakutwa na sukari. Mwingine damu haikupatana. Apaikunda naye akaenda, peke yake, akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

Majibu yalipotoka, daktari akamkalisha chini. Alikuwa baba mmoja mtaratibu, asiyependa kuzungusha maneno.

"Mama, damu yako na ya mdogo wako zinapatana," akasema. "Figo zako ni nzima. Lakini siwezi kukupasua."

"Kwa nini, daktari?"

"Uzito wako umezidi sana, na presha yako imeshaanza kupanda. Nikikupasua hivi ulivyo, naweza kumponya yeye nikakupoteza wewe. Nenda ukapungue, taratibu na kwa njia salama. Presha ikitulia, rudi tuzungumze."

"Nipungue kiasi gani?"

Daktari akamtajia kilo. Zilikuwa kama uzito wa mtoto anayeanza darasa la kwanza. Ni kama ameambiwa, una mtoto mzima umembeba mwilini, mshushe.

Mama akasema, "Naomba kitu kimoja. Mdogo wangu asijue. Nikimpa tumaini halafu nikashindwa, nitakuwa nimemuua mara mbili."

Daktari akakubali, akasema siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Na jioni ile Elirehema alipompigia simu kuuliza wamesemaje, dada akajibu, "Wamenikataa kwa sasa." Elirehema akasikia neno wamenikataa. Yale maneno kwa sasa hayakumfikia. Akasema sawa dada, akakata simu.

Basi mama akaanza. Na alianza kama wengi wetu tunavyoanza, kwa hasira. Aliamka asubuhi akanywa maji ya moto na ndimu, akasema chakula sitaki kukiona. Mchana, hakula. Kesho yake vivyo hivyo. Alikuwa na harusi kijiji cha pili, akasimama penye moto, mvuke wa pilau unampiga usoni, mara macho yakaingia giza. Wakamkalisha juu ya ndoo, wakampepea kwa kanga. Na jioni alipofika nyumbani, wapendwa, alikula kama anayemlipizia mtu kisasi. Akala kilichokuwepo, akapika kingine, akala. Alipomaliza akabaki amekaa sakafuni, sufuria mapajani, analia. Akasema, Bwana, umenipa figo ya kumponya mdogo wangu, nami nimeizungushia ukuta wa mafuta, na ukuta wenyewe siwezi kuubomoa.

Kuna mtu anajua kilio hicho? Si lazima kiwe cha chakula.

Akarudi hospitali. Safari hii wakampeleka kwa mtaalamu wa lishe, binti mmoja wa Pangani aitwaye Zubeda. Apaikunda alitegemea kufokewa. Zubeda akamuuliza tu:

"Mama, jioni unampikia nani?"

"Najipikia mwenyewe."

"Na sufuria lako linatosha watu wangapi?"

Mama akatazama dirishani. "Linatosha watu wa nyumbani kwangu," akasema. "Wale walioondoka."

Yule binti hakucheka. Akavuta kiti karibu, akasema, "Basi hatutaanza na tumbo lako, mama. Tutaanza na sufuria. Tafuta dogo, la mtu mmoja. Ukiwakumbuka watoto, wapigie simu."

Kisha akamwelekeza. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Ugali usizidi ngumi yako mwenyewe. Nyama, samaki au maharage, kiasi cha kiganja. Chai, sukari ipungue kidogo kidogo mpaka ulimi uzoee. Pakua mara moja, funika, ondoa chombo mezani. Kula polepole, tua kijiko, zungumza na mtu kama yupo. "Shibe inachelewa njiani, mama," akamwambia. "Ipe muda ifike. Na usijinyime mlo tena. Unachojinyima mchana, usiku unakidai na nyongeza."

Mama akarudi nyumbani. Akatafuta kabatini akapata sahani ndogo ya bati, ya watoto wake walipokuwa wadogo, yenye ua jekundu lililochunika. Akapakua humo. Akaitazama. Akasema kwa sauti, ingawa hakuna wa kumsikia, "Hiki ni cha kuonjea."

Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake jingine, kuonja. Mpishi anaonja, ndiyo kazi yake. Siku moja kwenye karamu ya ubarikio wa mtoto wa watu, akaamua kujipima. Akaweka bakuli pembeni. Kila alipotaka kuonja kwa mazoea tu, si kwa kazi, alitia kwenye bakuli badala ya mdomoni. Kipande cha chapati kilichokatika, bakuli. Nyama iliyotoka vizuri, bakuli. Ukoko wa pilau, bakuli. Shughuli ilipoisha akalitazama lile bakuli, limejaa mpaka linamwagika. Akamwita mwenzake wa jikoni, Mama Joeli, akamwambia, "Njoo uone. Hiki ndicho nilichokuwa nakula kila siku kabla ya kula."

Wakacheka sana. Lakini tangu siku ile akawa anaonja kwa ncha ya kijiko, anaosha mdomo kwa maji, basi.

Jioni ndizo zilizokuwa ngumu. Chakula kinaisha upesi, na nyumba bado iko kimya. Hapo zamani angeongeza. Sasa hakuna cha kuongeza. Akagundua kitu, na nataka mkisikie vizuri. Zamani sala yake ya chakula ilikuwa fupi kwa sababu chakula kilikuwa kingi na kinapoa. Sasa chakula kilikuwa kidogo, sala ikawa ndefu. Akawa anashukuru kitu kimoja kimoja. Anamshukuru Mungu kwa mchicha huu na kwa mama aliyeupanda kule bondeni. Anashukuru kwa samaki huyu na waliomvua. Anashukuru kwa meno ya kutafunia. Akifika mwisho anasema, na yule mdogo wangu, Bwana, nishikie mpaka nifike. Kisha anakula, na akila anausikia mchicha. Mama aliyepika maisha yake yote akawa kama ndiyo kwanza anajua ladha ya mchicha.

Mwili ukaanza kupungua. Na watu wakaanza kusema.

Mnatujua. Mtu akinenepa tunasema maisha yamemkubali. Akikonda, tunakaa vikundi. Mama Joeli akamfuata siku moja, akamshika mkono, akamwambia, "Apai, kama unaumwa tuambie. Tutakuombea."

"Siumwi."

"Watu wanasema."

"Waambie nakula mboga."

"Mboga haikondeshi hivyo, ndugu yangu."

Harusi zikaanza kumpita. Mtu anasema, kwa kweli yule mama anapika vizuri, lakini alivyo sasa wageni watamwonaje? Wakatafutwa wapishi wengine, wanene. Apaikunda akavumilia. Angeweza kueleza kwa sentensi moja. Hakueleza, maana kijijini ukimweleza mtu mmoja umeeleza mlima mzima, na mlimani ndiko anakoishi Elirehema.

Sisemi kwamba hakuwahi kuanguka. Krismasi watoto walikuja na wajukuu, nyumba ikajaa, akapika kwa lile sufuria kubwa, na alikula, mpaka mwaka mpya. Alipopanda mizani hospitali, ilikuwa imepanda. Akaketi mbele ya Zubeda kama mtoto aliyevunja chungu. Akasema, "Nimerudi mwanzo."

"Hujarudi mwanzo, mama. Ni milo iliyopita ndiyo imekushinda," Zubeda akamjibu. "Mlo unaofuata bado haujapakuliwa."

Akaondoka na neno hilo. Nami nimelichukua pia, ingawa aliyelisema si wa dhehebu langu. Neno zuri halina dhehebu.

Ikafika siku ya kipaimara cha binti wa kwanza wa Elirehema. Baba yule alikuwa amedhoofika, ngozi imekuwa nyeusi na kavu, suti inaning'inia mabegani. Lakini ilikuwa siku ya furaha. Alichinja mbuzi, na alitangaza kwamba leo dada yake hashiki mwiko. Leo yeye ni shangazi, anakaa meza ya mbele, analetewa.

Wakamletea. Pilau mlima, ndizi na nyama, na juu yake paja la mbuzi, heshima ya shangazi. Apaikunda akaomba sahani ndogo. Akajipakulia kidogo, kipande cha nyama kiasi cha kiganja, kachumbari nyingi, na kingine chote akawapa watoto waliokuwa karibu. Akaanza kula polepole, anatua kijiko.

Elirehema alikuwa anamtazama. Akainuka, akaja mpaka mezani.

"Dada, chakula changu kina nini?"

"Ni kizuri sana, mdogo wangu. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Mtoto wa chekechea anakula kuliko hivyo."

Dada akatabasamu tu. Na lile tabasamu likamuudhi. Akasema kwa sauti, turubai lote likasikia. "Mimi hapa napimiwa maji kama dawa. Maharage nimekatazwa. Ndizi zilizopikwa kwa nyama ya mbuzi wangu mwenyewe siruhusiwi. Natamani sahani ile uliyogawa, na siwezi. Wewe Mungu amekupa afya, hakuna aliyekukataza kitu, halafu unakaa mbele yangu unakataa nyama ili upendeze. Umri huu, dada, unampendezea nani?"

Muziki ulikuwa umezimwa. Watu wakainamisha vichwa kwenye sahani zao.

Sasa hapo, ingekuwa wewe? Ungenyamaza? Mimi sijui kama ningenyamaza. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Angesema tu, nampendezea daktari wako. Angesimama mshindi, na yule ndugu angeanguka pale pale kwa aibu mbele ya binti yake na wageni wake wote.

Akasema, "Nisamehe, mdogo wangu." Na hakuondoka. Alijua akiondoka, sherehe imevunjika. Akakaa kwenye kiti kile mpaka zawadi zikatolewa, akamtunza binti kitenge, akacheza naye. Kisha akapanda njia ya kwenda kwake, polepole, peke yake.

Miezi ikapita. Kilo zikafika pale daktari alipotaka, presha ikatulia. Wakampima upya kila kitu. Wakamweka kwenye chumba peke yake, wakamuuliza maswali, kama ilivyo utaratibu, kuhakikisha anatoa kwa hiari. Wakamuuliza, "Kuna mtu amekulazimisha, mama?"

"Hakuna," akasema. "Nimezoea kumbeba."

Ndipo daktari akamwita Elirehema, siku alipokuja kusafishwa damu. Akamwambia, "Tumepata mtu wa kukupa figo."

Elirehema akashika kiti. "Ni nani?"

"Yuko hapo nje. Karibu, ingia."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Apaikunda. Na Elirehema, wapendwa, akamtazama dada yake, kisha akatazama nyuma yake, amwone huyo mtu ambaye dada amemsindikiza. Akangoja. Hakuna aliyefuata. Mlango ukajifunga.

Daktari akasema, "Huyu tulimkataa kwa sababu ya uzito. Tukamwambia apungue ndipo arudi. Amepungua, amerudi."

Yule fundi akaketi. Akalaza kichwa juu ya meza ya daktari, mikono imeanguka pembeni. Alipoinua uso akauliza, "Siku ile ya kipaimara, mbona hukuniambia?"

"Ningeshindwa, je?"

"Nilikutukana mbele ya watu."

"Ulikuwa na njaa," dada akasema. Akaja akasimama karibu naye. "Hata mimi nilikuwa na njaa. Na ile nyama, Elirehema, ilinukia vizuri sana."

Wakacheka, wote wawili, huku wanalia, mpaka daktari akatoka nje akawaacha.

Upasuaji ulikwenda salama, Mungu ashukuriwe. Elirehema alipozinduka vizuri, nesi akamletea maji. Si yale ya kupimiwa. Bilauri imejaa. Akamwambia kunywa, na ukimaliza nitakuletea nyingine, figo hii inataka maji. Yule mtu akaishika bilauri kwa mikono miwili, anaitazama. Nyie mliokunywa maji asubuhi hii, nani aliitazama bilauri yake?

Alipopata nguvu kidogo akaomba apelekwe wadi ya akina mama. Njiani alikuwa anapanga maneno. Anamwambia nini dada yake? Anaanzia wapi? Wakamsogeza mpaka kitandani. Akafungua mdomo. Na kabla hajasema neno, Apaikunda akamtangulia.

"Asante, mdogo wangu."

"Asante ya nini, dada? Mimi ndiye nimekuja kusema hiyo."

"Daktari alinificha kidogo, baadaye akaniambia. Presha ile ilikuwa inanipeleka kwenye kiharusi. Ningelala siku moja nisiamke, au niamke nusu mwili umekufa, na nyumbani sina mtu. Kwa ajili yangu mwenyewe nisingeacha hata kijiko kimoja. Nilishawahi kujaribu. Kwa ajili yako niliweza. Sasa napanda mlima wetu bila kusimama, na wajukuu nikiwafukuza nawakamata. Wewe umepata figo. Mimi nimepata miaka. Asante."

Elirehema akamshika mkono. Hakusema yale aliyoyapanga.

Habari yangu inaishia hapo. Sasa nawageukia ninyi.

Nilipokuwa nasimulia nilikuwa nazitazama nyuso zenu. Na nimeona. Karibu kila mmoja ameshajichagulia nafasi katika habari hii. Mmekaa na Apaikunda. Wengine mmeguna pale alipotukanwa, mama mmoja hapa amefuta machozi, na moyoni unasema, hata mimi nimewavumilia watu hivyo hivyo. Mnajiona ni yeye.

Hapana, ndugu zangu. Sisi si Apaikunda. Sisi ni Elirehema.

Sisi ndio tuliosimama katikati ya sherehe tukamfokea mtu aliyekuwa na njaa kwa ajili yetu. Ni sisi. Mama alisema, kuleni wanangu, mimi nimeshakula. Tukala, tukadai kingine, na hatukuuliza alikula saa ngapi na wapi. Dada mkubwa aliacha shule ili karo itutoshe sisi, na leo tukimtembelea tunamcheka hajui kutumia simu. Baba alikuwa mkali wa matumizi, tukamwita bahili kwa miaka, na viatu tulivyokuwa tunavaa tukimwita bahili alivinunua yeye, miguuni ana kandambili. Wote hao walijipunguzia sahani. Wote tuliwauliza, una nini wewe, mbona hufurahi kama wengine?

Na juu ya hao wote, yuko mmoja. Aliyekuwa na vyote, mwenye meza ambayo haina mwisho, akakubali kupungua, akapungua mpaka akawa mtoto wa zizini, akapungua mpaka hakuwa na mahali pa kulaza kichwa, akapungua mpaka msalabani. Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunamfokea. Alikuwa na jibu mdomoni. Akaomba tusamehewe.

Sasa mtanisikia vibaya mkidhani nasema mjihukumu mwende nyumbani na huzuni. Apaikunda hakumpa mdogo wake figo ili mdogo wake alie maisha yake yote. Alimpa anywe maji. Aishi, arudi kwenye randa yake, amwone binti yake akiolewa. Anayetupenda anataka tupokee, tushukuru, tunywe.

Na wewe uliyeambiwa na daktari upunguze, nawe nakusemesha. Najua wapo, na mimi mwenyewe mkanda wangu unanisema. Usianze kwa hasira kama mtu anayepigana na mwili wake. Huo mwili ni zawadi. Anza kwa kumkumbuka mtu. Yuko mtu anayekuhitaji uwepo miaka kumi ijayo, unamjua kwa jina. Pakua kinachotosha, shukuru kwa hicho, ukile kwa amani. Na ukimwona mwenzako anaacha chakula mezani, ziba mdomo wako. Hujui anamwachia nani.

Tumeimba sana leo kumshukuru Mungu, na tumefanya vema. Lakini shukrani nyingine inabidi imfikie mtu. Aliye hai, simu mnazo. Mpigie leo mchana, usitunge hotuba, mwambie nilikuona, asante. Aliyelala kaburini, mtaje mbele za Mungu, Mungu anajua alipo.

Tusimame. Tunyamaze kidogo. Halafu kila mmoja, kwa sauti ndogo tu ya kusikika na jirani, ataje jina la mtu mmoja aliyekula kidogo ili yeye akue. Msiogope kulitaja. Na kanisa likijaa majina, hiyo ndiyo sala yetu ya leo, sitaongeza nyingine.

Nitawatangulia. La kwangu ni Naetwe, mama yangu.